Kiatu cha Kushoto

Mwezi uliopita duka moja kubwa la pale mjini lilikuwa linafungwa. Unajua mambo yanavyokuwa Kisumu duka likifungwa: karatasi nyekundu kwenye kila rafu, spika mlangoni inapasua masikio, na watu ambao mwaka mzima hawakukanyaga pale wanasukumana kama vitu vinagawiwa bure. Nami nilikuwemo, sitajifanya. Nilipata kikaango cha chapati, kizito, kizuri ajabu, bei imekatwa nusu. Kisha nikamsikia mhudumu akimwambia mwenzake kwamba Jumamosi watapunguza tena. Basi nikatazama huku, nikatazama kule, nikakisukuma kikaango nyuma ya brashi za choo, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hawezi kutafuta chombo cha kupikia.

Mkono wangu ulikuwa bado umo ndani ya rafu nilipojiona. Mama mzima, mwenye watoto, mwalimu wa Jumapili kanisani! Niliacha kikaango palepale nikatoka bila kununua hata kiberiti. Ngoja nikwambie kwa nini, maana jambo hili nilikuwa sijapata kumwambia mtu, hata mume wangu.

Nililelewa na Dani, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, katika chumba kimoja cha mabati kule Manyatta. Dani hakuwahi kununua kitu kwa bei yake ya kwanza. Mkate wetu ulikuwa wa jana, anaufuata nyuma ya kiwanda cha mikate. Mikebe yetu ya maharagwe ilikuwa imebonyea. Samaki wetu alikuwa mgongo wazi, ile mifupa na vichwa vinavyobaki kiwanda kikishaondoa minofu na kuipeleka ng'ambo. Usicheke. Dani akishaikaanga ile mifupa ikawa mikavu, akaitia nyanya mbivu na dania, ukala na ugali wa wimbi, ungesahau kama minofu ipo duniani. Tulikuwa tunafyonza mpaka macho ya samaki, na majirani walijua Jumatano tumekula nini kwa harufu tu.

Lakini uwanja wake hasa ulikuwa soko la Kibuye, siku ya Jumapili. Dani alikwenda Kibuye mara mbili. Saa sita mchana, tukitoka kanisani, alikwenda kutazama. Saa kumi na moja jioni alikwenda kununua. Hapo katikati tulirudi nyumbani, tukala, akaondoa viatu akalala kidogo. Asubuhi wauzaji wakifungua mitumba, nguo za kwanza kutoka, zile safi zisizo na doa, huitwa kamera, na bei yake ni ya watu wa ofisi. Jioni kinachobaki chini kwenye turubai kinaitwa fagia, na hapo muuzaji amechoka, hataki kubeba mzigo kurudi nao nyumbani, anaimba tu, "Kumi, kumi! Fagia, mama, beba!" Dani alikuwa akisema, "Mwenye haraka hununua kamera. Mwenye macho hungoja fagia." Alikuwa anakumbuka kila kitu alichokitazama mchana, kiko kwa nani, kiko upande gani wa turubai. Na akikikosa jioni, hakununa. Alisema tu kwamba hakikuwa chetu.

Mimi huo ustaarabu wa kukosa sikuurithi.

Tulikuwa na wauzaji wetu wawili, wamekaa ubavu kwa ubavu. Mmoja tulimwita Mama Viatu, mtu wa huko kati, si wa kabila letu, mnene, mcheshi, anayeongea Kijaluo cha kuvunjikavunjika hadi Dani anashika mbavu. Mwingine alikuwa Mama Sweta, mtu wetu wa Seme, mwembamba, maneno machache. Hao wawili walikuwa kama chanda na pete. Mchana walikula sahani moja, leo githeri ya huyu, kesho omena ya yule. Mwaka mmoja wa uchaguzi mji ulipochafuka, Mama Viatu alikimbia na nguo alizovaa tu, na Mama Sweta akayalaza magunia yake yote ya viatu chini ya kitanda chake wiki nne nzima. Mwenzake aliporudi hakukosa hata kamba ya kiatu. Hadithi hiyo Kibuye nzima iliijua. Ndiyo maana kila Jumapili saa sita, Mama Viatu akienda ibada ya lugha yake, hakufunika kitu. Alisema tu, "Niangalilie," akaondoka. Mama Sweta akasogeza kiti chake katikati, akaangalia pande zote mbili.

Muhula ninaousimulia nilikuwa na miaka tisa, na mwalimu wetu alikuwa amenichagua nikariri shairi mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Aliniambia nikiwa nimesimama mbele yake na patipati zangu za mpira, moja imeshonwa kwa waya: "Hakuna atakayepanda jukwaani na patipati. Kama huna viatu vyeusi, sema mapema nimpe mwingine." Nikasema ninavyo. Uongo mtupu.

Jumapili iliyofuata, mchana wa kutazama, niliviona. Vyeusi, vya ngozi, vina mkanda na kifungo cha kung'aa, na mguu wangu uliingia utadhani fundi alinipima nikiwa usingizini. Mama Viatu akataja bei. Dani akacheka, akavirudisha taratibu, akaniambia, "Jioni, nyathina, mwanangu. Vikiwepo." Vikiwepo! Nilijua kabisa havitakuwepo. Viatu vile vilikuwa kamera ya kamera.

Sasa sikiliza mtoto wa miaka tisa alivyopiga hesabu. Viatu vya kamba hufungwa pamoja, lakini vya mkanda hupangwa tu, kimoja kando ya kingine. Na kiatu kikipotelewa na mwenzake hutupwa kwenye gunia la mguu mmoja, na jioni mafundi wa viatu huja kuvinunua hivyo kwa bei ya peremende, wakate soli. Basi kikipotea cha kushoto, cha kulia kitaingia gunia la mguu mmoja. Jioni nitamwomba Dani aninunulie kile cha kulia kwa bei ya fundi, halafu cha kushoto nitajua mwenyewe kilipo. Niliona nina akili kuliko Kibuye yote.

Mama Viatu alikuwa ameshakwenda ibada. Dani alikuwa anabishana na mtu wa sufuria. Mama Sweta alimgeukia mteja aliyekuwa anajaribu sweta ya kijani, imemkwama kichwani, anaomba msaada. Nikakichukua kiatu cha kushoto. Nikakizika chini kabisa ya lundo la sweta, upande wa nyuma, kwenye zile kuukuu zisizoguswa mpaka saa ya fagia. Na sitakudanganya, nilikuwa na furaha. Sikuona kama ninaiba. Niliona ninangoja bei ishuke, kama nilivyofundishwa.

Tuliporudi jioni tulikuta watu wamesimama. Mteja mmoja alikuwa ameanza kuchimbua fagia ya sweta kabla yetu, akaibuka na kiatu mkononi. Alikiinua juu akacheka, "Mama, siku hizi sweta zinazaa viatu?"

Hakuna aliyecheka naye. Mama Viatu alikuwa amekitafuta kiatu kile mchana kutwa. Alikiangalia, akamwangalia Mama Sweta, akasema polepole, "Nilikuambia uniangalilie."

"Mimi sijui kimefika aje hapo," Mama Sweta akasema. "Haki ya Mungu, sijui."

"Si ungeniomba tu? Mimi ningekunyima kiatu?"

"Yawa! Mimi nitafanyia nini kiatu ya mtoto?"

Basi wa pembeni nao wakaingilia, wewe unawajua. Mmoja akasema watu wa upande ule ndivyo walivyo, mwingine akajibu kwamba hata watu wa upande huu hawana shukrani. Mambo ambayo wale wawili hawajawahi kutajiana yakatajwa kwa niaba yao. Nilikuwa nimesimama nyuma ya sketi ya Dani. Maneno mawili tu yalitakiwa. Ni mimi. Nilifungua mdomo, nikafikiria jinsi Kibuye inavyomfanyia mtu akiitiwa mwizi, nikafikiria jukwaa na mwalimu, nikaufunga. Mama Sweta alianza kukusanya sweta zake, na hakulia. Afadhali angelia.

Kisha Mama Viatu akavichukua viatu vyote viwili akamrushia Dani. "Chukua, nyanya. Nipe chochote. Sitaki kuviona."

Ndivyo nilivyopata viatu vyangu, kwa bei ambayo hata mimi sikuiota. Dani alitembea hadi nyumbani akimshukuru Mungu na papo hapo akiwasikitikia marafiki wale, kwa pumzi ileile. Siku ya kufunga shule nilipanda jukwaani, nikakariri bila kukosea neno, wazazi wakapiga makofi, Dani akapiga vigelegele hadi mwalimu akacheka. Na mimi nilikuwa natazama kile kiatu cha kushoto. Kilinikaa vizuri, hakikunibana hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma. Laiti kingenitoa malengelenge.

Mama Sweta hakurudi mahali pake. Tulisikia amehamia soko la Mamboleo. Kila Jumapili Mama Viatu akienda ibada alifunika mali yake kwa turubai na kuifunga kamba, na alikula peke yake, ameligeuzia lile pengo mgongo. Alipunguza utani. Kila wiki niliapa kwamba leo nitamwambia, na kila wiki nilipata sababu: leo ana wateja, leo Dani anaumwa mguu, leo mvua. Kisha nikaenda sekondari. Dani akafa, tukamzika Kombewa, bado sijamwambia yeyote. Hadi leo watu wakimsifu Dani kwamba alilea vizuri, nainamisha kichwa, nao wanadhani ni majonzi.

Baada ya mambo ya kikaango sikulala vizuri siku kadhaa. Jumapili nikaenda Kibuye. Nilimkuta mtu mwingine kabisa mahali pa Mama Viatu, anauza chaja na vifuniko vya simu, wala hajawahi kumsikia. Harufu ya dawa inayopuliziwa mitumba bado ipo, mafundi wa viatu bado wapo, wauzaji bado wanaimba kumi kumi ingawa kumi siku hizi haileti kitu. Lakini nilisimama nusu saa nikitazama, na sikusikia mtu hata mmoja akimwambia jirani yake niangalilie. Kila aliyeondoka alivuta turubai. Najua si mimi niliyeiharibu dunia nzima. Najua pia ni kipande gani nilichoharibu.

Nikapanda pikipiki hadi Mamboleo. Mama Sweta nilimpata bila taabu, amezeeka, amekuwa mdogo, bado na lundo la sweta mbele yake. Hakunikumbuka mpaka nilipomtaja Dani, ndipo akanishika mikono yote miwili akanipa kiti chake, akanunua soda kwa mwenzake, yeye mwenyewe akakaa kwenye gunia. Soda ile niliishika bila kuinywa. Nikamwambia yote, kuanzia patipati hadi jukwaa. Nilikuwa nalia. Nikamwomba msamaha.

Alikunja sweta moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Umemwambia yeye?" akaniuliza.

Nikasema nilimtafuta Kibuye sikumpata, labda alirudi kwao.

"Alikufa," akasema. "Mwaka wa pili huu. Nilisikia. Nilitoa nauli, nikavaa hata nguo ya kwenda matanga. Nikaogopa. Nikasema watoto wake wataona mwizi wa mama yao amekuja."

Nikarudia tu nisamehe, mama, nisamehe. Alinitazama bila hasira, na ningetoa chochote anitazame kwa hasira.

"Mimi sasa unaniambia nini, nyathina?" akasema. "Mimi nilijua siku zote sikuiba. Mtu ya kuambiwa ilikuwa yeye."