Matete ya Shamba la Mama

Mimi ni fundi cherehani, na kitambaa nakijua kwa vidole. Kwa hiyo siku mgeni mmoja alipotukusanya mafundi na akina mama wa mtaa wetu hapa Mikumi, akatupa fulana nyeupe tuishike, nilisema ni pamba iliyochanganywa na polista, basi. Akacheka. Akasema hakuna pamba hata uzi mmoja. Ile ni chupa za maji zilizookotwa, zikaoshwa, zikasagwa, zikayeyushwa na kuvutwa kuwa nyuzi. Mafuta mapya hayachimbwi kwa ajili yake, moshi wa viwandani unapungua, na chupa haziishii mtoni wala tumboni mwa ng'ombe.

Aliniteka. Barabara yetu inakatiza mbugani, na abiria wa mabasi hutupa chupa dirishani kana kwamba tembo ndio watakaofagia. Mimi hasira zangu ziko karibu. Kila chupa niliyoiona ilikuwa kama nimetukanwa. Tukaunda kikundi, tukaokota mpaka viuno vikauma, lakini hatukuwa na pa kuoshea wala pa kurundika. Nikamkumbuka mama.

Mama alikuwa na shamba la mpunga Kilosa, kando ya mto Mkondoa. Kati ya mpunga na maji aliacha ukanda wa matete ambao hakuugusa hata mwaka wa njaa. Bibi alifanya hivyo, naye akafuata. Majirani walimtania kwamba anawajengea panya nyumba. Mimi nilifundishwa darasani kwamba mizizi ya matete hushika udongo. Swali lilikuja kwenye mtihani na nikalipata.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, tukakaa jikoni nikamweleza yote: chupa, nyuzi, mazingira. Nikamwomba tukate matete, tuweke viroba vyetu vya chupa pale, karibu na maji. Alikataa siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia kwa ukali kwamba watu wa zamani ndio wanaoturudisha nyuma. Naona aibu kuyaandika maneno hayo. Mama aliinuka. Alichukua panga, akaanza kukata yeye mwenyewe.

Lori la yule mgeni lilikuja mara mbili kuchukua chupa. Mara ya tatu tulipigiwa simu kwamba litakuja barabara ikikauka. Viroba vikarundikana hadi vikanizidi kimo. Kisha mvua zikanyesha milimani, mto ukafurika, na ukingo uliokatwa matete ukameguka kama mkate uliolowa. Maji yakapita katikati ya shamba. Yalipoondoka yaliacha mchanga mtupu, na juu ya mchanga chupa zetu, zimetapakaa hadi jicho linapofika, safi kabisa, maana tulikuwa tumekwisha kuziosha.

Nilizoa siku tano nikilia. Kinachoniua ni kwamba yule mgeni hakudanganya. Kitambaa kile ni kizuri na faida zake ni za kweli. Hata leo mteja akiniuliza nitamwambia anunue. Ila ukweli huo hauoteshi mpunga. Niliusimamia kwa ubishi, nikamharibia mama yangu kitu pekee alichokuwa nacho. Hakuna namna ya kukirudisha, na nimeacha kujifariji kwamba ipo.

Mama sasa anafanya vibarua vya kupalilia kwenye mashamba ya watu huko Kisanga, katika umri ambao alistahili kupumzika. Nimemwomba aje tuishi wote Mikumi, hataki. Mwezi uliopita nilimfuata shambani, nikamkuta na mwanamke mmoja wanapalilia pamoja. Yule mwanamke akamuuliza ilikuwaje akapoteza shamba zuri vile. Nikainamisha kichwa, nikangoja kutajwa.

"Ni mto tu, mwenzangu," mama akasema. "Maji yalikuwa mengi mwaka ule."

Akaendelea kupalilia. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, mdomo ninao, na sikusema kitu.