Miwani Iliyopimwa kwa Masikio

Muuza miwani wa pale stendi ya Buzuruga, hapa Mwanza, aliitemea lenzi mate, akaifuta kwa pindo la shati lake, kisha akanivisha. Usoni kwangu mimi. Naanza na hapo ili msomaji ajue nilifikishwa wapi, mtu mwenye ghorofa Buswelu niliyoijenga bila msaada wa mjomba wala shangazi.

"Unaonaje, mzee?" akaniuliza.

"Naona mate."

Akacheka, akadhani nataka punguzo. Na mimi, sijui kwa nini, nikaichukua. Nyumbani niliiosha kwa sabuni mara tatu, na bado kila nilipoivaa nilimsikia yule mtu usoni kwangu. Siku ya nne nikaitupa chooni, nikanawa uso.

Kazi yangu ni mabondo. Kwa asiyejua, bondo ni kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa sangara. Zamani lilitupwa, au mtu alilitia mchuzini akakosa cha kutafuna. Siku hizi likikaushwa vizuri linasafiri nje ya nchi, linafika mbali kuliko nilikowahi kufika mimi. Kazi yenyewe ni ya jicho. Unaliinua bondo dirishani, mwanga unapita ndani yake, hapo unaona kila kitu: doa la damu, tundu dogo kama la sindano, kipande cha utando ambacho kibarua amesahau kukikwangua. Safi ni daraja la kwanza. Lenye doa linashuka.

Nilianza kazi hii nimekaa kwenye matope ya mwalo, boti zinaposhushia samaki, nakwangua utando kwa kijiko, nzi wananitembelea mdomoni. Leo wapo wanaonikwangulia. Meza ni yangu, dirisha ni langu, na kwa miaka mingi neno langu lilikuwa la mwisho pale ufukweni. Nikisema hili la kwanza, ni la kwanza, hakuna aliyefungua furushi langu kuhakiki. Sijisifu, nasema kilichokuwepo.

Shule niliishia darasa la nne, huko Magu. Baba aliona mikono yangu inafaa zaidi kwenye pamba. Sina kinyongo. Ila nakumbuka ubao. Mwalimu wetu alikuwa na miwani ya kahawia, mizito, na alituita mmoja mmoja tusome alichoandika. Anayeshindwa alisimama kwa mguu mmoja mpaka kengele. Nilisimama sana. Mwisho nikapata akili: niliwasikiliza wanaonitangulia, nikayashika maneno yao yote kichwani, zamu yangu ikifika natiririka kama maji. Mwalimu alishangaa. Kichwa changu ni cha namna hiyo mpaka leo, jambo likiingia sikioni halitoki.

Sasa, mteja wangu mkubwa ni mzee mmoja wa Kihindi, mtu wa mjini hapa hapa, amezaliwa Mwanza na baba yake amezaliwa Mwanza. Tumefanya kazi kwa maneno ya mdomo miaka na miaka. Siku moja akaniita ofisini kwake, akageuza kompyuta inielekee.

"Angalia hii picha ya mzigo wako, ndugu yangu. Mabondo matatu ya daraja la kwanza yana damu."

Nikaangalia. Niliona ukungu wa rangi ya uji.

"Hakuna damu hapo," nikasema.

"Ipo."

"Basi umeitia wewe."

Nilimwambia hivyo. Mtu anayenizidi umri, ofisini kwake, chai yake ikiwa mkononi mwangu. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mzigo ujao ukija na damu, nitaweka mchaguzi wangu. Wewe utaleta mabondo, yeye atachagua."

Yaani nirudi kuwa mbeba mafurushi. Nifike, nitue, nisimame pembeni na jasho langu, mtu mwingine ainue bondo langu dirishani na kuniambia ni la ngapi. Nilitoka pale nimeiacha chai yake nusu. Mzigo uliofuata ulikuwa wa baada ya wiki sita.

Mke wangu alikuwa ameshaona mapema. Nilipokuwa nasoma ujumbe wa simu nimeunyoosha mkono mpaka mwisho, alisema, "Baba watoto, mkono umekwisha huo. Sasa utaongeza fimbo?" Watoto wakacheka. Yeye hakucheka. "Nenda kapime macho kama watu wengine, uache kuokota miwani stendi."

Nikaenda kliniki moja mjini. Wagonjwa tulikaa kwenye benchi refu lililobanwa kwenye ukuta wa mbao nyembamba, na nyuma ya ukuta ndiko walikopimiwa. Kila kitu kilisikika. Mbele yangu aliingia bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi, akawa anazisoma herufi za ubaoni kwa sauti kubwa kama anasoma taarifa ya habari. Halafu mpimaji akamuuliza, "Ipi inaonyesha vizuri, ya kwanza au ya pili?" Akajibu, "Ya pili." Tena: "Ya kwanza." Tena: "Ya pili." Mwisho akapewa kadi ndogo ya kusoma karibu, habari ya mkulima na mbuzi wake, akaisoma yote.

Sikukusudia. Haki ya Mungu, sikukusudia. Lakini sikio langu lilisikia neno "ubao" likafanya kazi yake lenyewe.

Mpimaji alikuwa dada wa makamo, koti jeupe, sauti ya taratibu. Alinivisha fremu ya chuma ya kupimia, nzito, vishikio vyake vya puani vina utelezi. Utelezi wa pua za watu, za yule bwana na za waliomtangulia. Nilitaka niitoe haraka, na njia ya haraka ilikuwa ni kufaulu. Herufi zote nikazitaja. Ya pili, ya kwanza, ya pili. Mkulima na mbuzi wake nikamsimulia mpaka mwisho.

"Vizuri sana, mzee," akasema.

Mtu mwenye koti jeupe hakuwahi kuniambia vizuri sana tangu nizaliwe. Nilitoka pale natembea kama nimepewa cheti.

Miwani ilipokuja, ilikuwa balaa. Nikiinua bondo, lilikuwa mawili yaliyogombana. Nikiangalia picha za mzigo ambazo yule mzee alinitumia kwenye kompyuta ya ghalani, kichwa kinaanza kugonga nyuma ya sikio la kulia. Na uchafu wake! Jasho, mafuta ya uso, vumbi la mabondo, vyote viliganda pale kwenye pua vikawa kitu cha kijani. Sikujua kuwa uso wa mtu msafi unatoa uchafu kiasi kile. Nilikuwa naikwangua kwa ukucha, halafu naunusa ukucha, halafu najichukia.

Nikarudi kliniki nikagomba. Fremu mbaya, lenzi feki, mafundi wenu wezi. Dada akanisikiliza, akasema tupime upya. Safari hii mbele yangu alikuwa mama mmoja muuza vitenge, naye sauti anayo. Nadhani msomaji ameshaelewa. Yeye alijibu ya kwanza, ya kwanza, ya pili, na mimi pia.

Nikaagiza lenzi za gharama, zile ambazo juu unaona mbali, katikati kompyuta, chini maandishi, na mstari hauonekani. Bei yake ni ndama mzima, tena mwenye afya. Niliitaka hiyo kwa sababu niliona wenye ofisi wanaivaa. Siku ya kwanza nimeivaa, ngazi za nyumba yangu mwenyewe ziliinuka kunipokea. Nilikosa kidaraja cha tatu nikateremka kwa makalio mbele ya vibarua waliokuwa wakinisubiri uani.

"Pole, tajiri," wakasema, wameng'ata midomo.

Kwenye kompyuta ilinibidi niinue kidevu kama kuku anayekunywa maji, na maandishi pembeni yalikuwa yamejikunja kama dagaa wa kukaanga. Baada ya nusu saa nilikwenda nyuma ya ghala nikatapika. Chapati mbili za asubuhi. Nikaivua miwani ya bei ya ndama, nikaona ina tone la matapishi kwenye mkono wake. Nikakaa pale kwenye gunia nikaichukia dunia nzima: wanaotengeneza lenzi, wanaouza fremu, mwanga wa kompyuta, na pua yangu, ambayo haikuumbwa kubeba kitu.

Zilibaki siku nane kufikia mzigo.

Safari ya tatu dada yule hakunipeleka kwenye kiti moja kwa moja. Alinipa daftari la wagonjwa niweke sahihi. Niliiweka. Akaliangalia daftari, akaiangalia meza, kwa sababu nusu ya sahihi ilikuwa mezani. Akanikalisha, akanivisha ile fremu ya chuma, akazima taa, akawasha ubao.

"Soma, mzee."

Nikasoma. Herufi zote, mpaka mstari wa chini kabisa, bila kukwama.

"Mzee wangu," akasema, "leo nimebadilisha ubao. Hapo kuna namba tupu. Hakuna herufi hata moja."

Nyuma ya mbao mtu alipasuka kwa kicheko. Benchi zima likafuata. Nikasimama na ile fremu ya chuma usoni, nikasema naondoka.

"Utaondoka nayo hiyo?" dada akauliza. "Kaa, baba. Nani alikwambia huu ni mtihani?"

"Ubao ni ubao," nikasema.

Dada alinisukuma bega nikakaa. Halafu akafungua mlango, akawaambia wa kwenye benchi wahamie barazani wote, hata mzee mmoja aliyelalamika juu ya mguu wake. Akarudi, akafunga.

"Sasa hakuna wa kukunong'oneza. Na mimi sitaki usome. Nataka usipoona, useme sioni. Namba ya juu kabisa ni ngapi?"

Ninyi mnaosoma hapa mnaweza kudhani ni neno jepesi. Mimi nimeingia ziwani na mawimbi yanazidi boti. Nimegombana na watu wenye visu. Lile neno lilitoka kama mfupa uliokwama kooni, na makohozi yake.

"Sioni."

"Ahsante. Na hapa?"

"Sioni."

"Sasa hii lenzi, na hii?"

"Ya kwanza ni mbaya. Ya pili mbaya zaidi."

"Ehe! Huyo ndiye mgonjwa ninayemtaka."

Tulikaa saa nzima, nikamsimulia yote, mpaka kutapika kule ghalani. Akaniambia niinue mikono kama nimeshika bondo, akapima kwa futi ya fundi cherehani kutoka puani mpaka vidoleni. Kisha kama niko kwenye kompyuta, akapima tena. Urefu haukulingana hata kidogo.

"Utavaa mbili, mzee. Ya mkononi na ya kompyuta."

"Hakuna moja ya kufanya yote?"

"Ipo. Si uliitapikia?"

Kuhusu fremu, akasema zile za dhahabu nilizozipenda zinateleza kwenye pua yangu, iliyo bapa hapa juu. Akanivisha nyingine pana, ya plastiki, isiyo na vishikio vya kukusanya uchafu. Nikajitazama kwenye kioo. Kahawia, mizito. Nilikuwa namtazama mwalimu wa darasa la nne, yeye mwenyewe, amezeeka. Nikamwambia dada sitaki. Akaniuliza kama inauma. Haikuuma. Ndiyo miwani pekee ambayo haikuniuma, na sura yake ilinitia kinyaa.

Zote mbili zilipokuwa tayari, zilibaki siku mbili. Jambo la kwanza nilivaa ile ya kompyuta, nikafungua picha za mzigo ule wa ugomvi. Damu ilikuwepo. Haikuhitaji kutafutwa. Ilikuwa imekaa pale wazi, nyekundu, kama mtu aliyeketi sebuleni kwako anakusubiri. Bondo la kwanza, la pili, la tatu. Nikaendelea. La nne. La tano.

Kisha nikavaa ile ya mkononi, nikaenda mezani kwangu. Ile meza ninayojivunia. Ilikuwa na magamba yaliyogandia kwenye nyufa, miguu ya nzi, ute uliokauka ukang'aa kama njia ya konokono. Hapo ndipo nilipokuwa nanywea chai. Nikaitazama mikono yangu, kucha zangu. Niliita maji ya moto nikaisugua meza mwenyewe, sikumwachia mtu, na kichefuchefu changu hakikuwa cha lenzi yoyote.

Siku ya mzigo nilifika kwa yule mzee, shikamoo, marahaba, akanionyesha kiti. Nikakikataa. Nikasogeza meza yake dirishani, nikafungua mafurushi yangu, nikayachagua yote upya mbele yake. Yaliyonipendeza mezani kwangu nikayaangalia tena. Upande wa daraja la pili ulikua mpaka vibarua wangu wakaanza kuguna. Yeye alinyoosha mkono, akaokota moja kutoka upande huo, akaliinua.

"Hili mbona zuri?"

"Si zuri. Angalia pembeni kushoto. Damu, kama yai la chawa."

Akatafuta. Akavaa miwani yake mwenyewe, akatafuta tena. Akalirudisha nilikoliweka.

"Na yale matatu ya siku ile," nikasema, macho yangu nimeyaacha kwenye kazi, "yalikuwa matano."

"Nilijua ni matano."

"Sasa kwa nini ulisema matatu?"

"Ulikuwa umeshika chai yangu," akasema. "Nilikustahi."

Nikavua ile miwani mbaya, nikaifuta kwa kitambaa chake safi, nikaivaa. Alikuwa ameinuka. Alikwenda kwenye kona ya ghala, akaburuta furushi lisilo langu, la mfanyabiashara mwingine, akalitua mbele ya dirisha.

"Na haya ya wenzako," akasema. "Nichagulie."

Nikalifungua, nikatoa la juu, nikaliinua kwenye mwanga. Lilikuwa chafu.