Nilimsingizia Mwenzangu, Chama Chetu Kikafukuzwa Nyumba

Admin, nifichie jina, Kariakoo tunajuana sana. Mimi ni mwanaume wa miaka 52, nina mke na watoto, nauza vitambaa vya mapazia. Shule niliishia la saba, nikikosea kuandika mnivumilie. Miaka mingi nimekuwa kwenye chama cha kujitolea cha mazishi. Mtu akifiwa tunapeleka turubai, masufuria na jeneza, tunaosha maiti, tunazika, hatulipwi kitu. Makao yetu yalikuwa nyumba ya zamani hapa hapa Kariakoo, tulipewa tukae bure na mzee mmoja wa Kihindi. Hakuwa Muislamu, ila alisema vitu vya msiba havipaswi kukosa pa kukaa. Ufunguo nilikuwa nakaa nao mimi.

Akaja Sudi (sio jina lake), muuza samaki wa Feri, mdogo kwangu. Jamani, yule mtu anapendwa. Akiingia msibani hata wafiwa wanapata nguvu. Simu zilizokuwa zinakuja kwangu zikaanza kwenda kwake, mwisho wakampa na uongozi wa chama. Nilimtafutia kosa sikulipata, na hapo ndipo nilizidi kuumia. Baba mkwe wangu alipofariki nilijua kumuosha ni haki yangu. Mke wangu akaniambia mbele ya kaka zake, "Baba Zuhura, mwachie Sudi aoshe, ana mkono mwepesi. Wewe mmiminie maji." Nikamiminia. Machozi yalinitoka, watu wakadhani namlilia mkwe.

Yule mzee wa Kihindi alishafariki, nyumba ikawa ya mwanawe. Mwaka huu alikuja akanikuta peke yangu, akasema anavunja ajenge ghorofa, ila tusiwe na wasiwasi, chini atatuwekea stoo yetu. Akaongeza kwamba Sudi ndiye aliyeenda kumuomba, na ni mtu mstaarabu sana. Roho iliniwaka. Nikamwambia, "Bosi, kuwa makini naye. Anasema marehemu baba yako hii nyumba aliitoa wakfu." Akauliza wakfu ni nini. Nikamwambia ni mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, ikishatolewa hairudi kwa mwenyewe. Uongo mtupu. Sudi hajawahi kutamka kitu kama hicho. Yule bwana hakugomba, aliniuliza tu kama nina hakika, nikasema ndiyo. Hazikupita siku nyingi tukaambiwa tutoe vitu vyote na hiyo stoo tuisahau. Sudi akaenda kubembeleza, hata mlango hakufunguliwa.

Akahangaika mpaka akapata chumba Buguruni, uani kwa dada yake. Siku ya kuhama tulisoma dua, halafu tukahalalishiana kama kawaida yetu, kila mtu anamuomba mwenzake msamaha. Sudi akanifuata mimi wa kwanza.

"Kaka, nihalalishie. Toka nimekuja watu wananiita mimi kabla yako. Najua inakuuma, ila sikujua nikwambieje."

Nikamjibu nimekuhalalishia. Akabaki amesimama, anangoja na mimi niombe. Nikamwambia tubebe jeneza, guta linasubiri.

Sasa hivi mtu akifa Kariakoo, vitu vinatoka Buguruni vinakwama kwenye foleni. Juzi jeneza limechelewa mpaka swala ya adhuhuri imepita, ndugu wa marehemu wakafoka. Lawama zote kwa Sudi. Wanasema lazima alimjibu vibaya mwenye nyumba. Mwenyewe hajui kakosa nini, anaomba radhi tu kila mahali. Ijumaa kuna kikao, wanataka kumtoa uongozi waniweke mimi. Mke wangu kafurahi, ananiambia, "Sasa wamekuona."

Nyumba bado haijavunjwa. Nikienda kwa yule bwana nikakiri nimedanganya, huenda stoo ikarudi. Lakini habari itafika kwa wenzangu, na kwa mke wangu, na sijui nitakaa nao vipi. Tena niseme ukweli wote, hata jana nilimuona Sudi anasalimiwa na watu barabarani, wivu ukanishika upya. Yaani najuta na bado namuonea wivu.

Kwa Mungu nimeshaomba, ila niliyemkosea yeye yuko Feri na hajui kitu. Ndugu zangu nishaurini: nianzie kwa mwenye nyumba kimya kimya, au Ijumaa nisimame mbele ya wote niseme ni mimi? Nitukaneni mkitaka, ila mnijibu kabla ya kikao.