Zamu ya Jumuiya kwa Mjane

Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani hapa Kizwite, nilimsikia dada mmoja akimwambia mwenzake, "Mimi nimemwachia Mungu." Mwenzake akacheka kidogo, kisha akamtazama kwa jicho la pembeni. Jicho lile nalijua, ndugu yangu. Nimekua nalo.

Kijijini kwetu, upande wa kuelekea Muze, msimu wa matuta ulinukia nyasi mbichi. Tulizipanga chini, tukazifunika kwa udongo, na bibi aliyenilea aliimba nyimbo za kanisa kwa kufuata mapigo ya jembe. Jirani yetu alikuwa mjane aliyeolewa kutoka bondeni. Mwaka mmoja maksai wa mzee mmoja mwenye nguvu waliingia katika shamba lake la ulezi, wakalimaliza lote. Alipomwendea, mzee akamjibu, "Ng'ombe hajui mpaka, mama. Kamshitaki kwa ng'ombe wenzake." Watu wakacheka. Mjane akasema tu, "Basi, nimemwachia Mungu."

Wiki haikuisha, radi ikawaua maksai wale zizini. Na mvua yenyewe ilikuwa manyunyu.

Tangu hapo wanawake walinyamaza kila alipofika kisimani. Watoto tulikatazwa kukatiza uani kwake. "Kamwachia Mungu yupi huyo?" watu waliulizana. Kuku wake waliponusurika na kideri kilichoua kuku wa wengine, hilo nalo likawa ushahidi. Yule mzee akapita nyumba kwa nyumba akitaka mjane arudishwe kwao bondeni kabla ya mavuno, na wengi walishakubali.

Ndipo zamu ya jumuiya ikaangukia kwake. Kila wiki tulisali katika nyumba moja, na baada ya sala mwenye nyumba alitoa togwa. Wiki ile kila mtu alikuwa na udhuru. Huyu mgongo, yule kapata mgeni. Katekista alisema baiskeli yake imeharibika, ingawa kutoka kwake unamwona mjane akianua nguo.

Bibi alijifunga kitenge chake cha kanisani. Shangazi akasimama mlangoni.

"Mama, na kama ni kweli?"

"Kama ni kweli, Mungu hahitaji kuonyeshwa nyumba ya yule mama. Na maneno yale nayasema mimi kila siku. Mbona hamnifukuzi?"

"Basi mtoto mwache."

"Mtoto anakuja. Nani atanishika mkono kwenye utelezi?"

Tulikuta mikeka imetandikwa ya watu wengi. Tukasali rozari watu watatu, na sauti zetu hazikujaza hata kona moja. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye chungu cha togwa. Niliyoyasikia kisimani yote yalinirudia.

Kwetu mwenyeji huonja kwanza mbele ya wageni, kuondoa shaka. Mjane alipoinua kata kuipeleka mdomoni, bibi akamshika mkono.

"Nipe mimi, mwanangu. Nina kiu."

"Bibi, acha kwanza nionje."

"Nimesema nina kiu."

Akanywa yote. Mjane akageukia ukutani, akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Kesho yake njia yetu ilipata wapita njia wengi kuliko kawaida. Huyu kaja kuazima chumvi, yule kaja kuomba moto, na wote macho yao yanamtafuta bibi. Wakamkuta kwenye matuta, anaimba. Taratibu maneno ya kumfukuza mjane yakapoa, ingawa hakuna aliyemwomba radhi, na yule mzee hakukanyaga kwake mpaka anakufa.

Nilimwuliza bibi kama alikuwa na hakika siku ile. "Sikuwa nayo," alisema. "Lakini kuhukumu si kazi niliyopewa." Nimesoma mafundisho mengi ya dini tangu hapo, na namshukuru Mungu kwa yote, lakini sijapata lililonituliza kama hilo.

Siku hizi matuta yale ni machache, mbolea inakuja kwenye mifuko, na udhuru wa jumuiya unatumwa kwa simu. Togwa ya kunywa kata moja, mtu na jirani yake, sijaiona miaka mingi.

Bibi alipofariki, mjane ndiye aliyemwosha. Wanawake wengine walisimama mlangoni, wakiitazama mikono yake.