Gundi ya Mama Soli

Wifi yangu, mke wa kaka, mtaa mzima ulimwita Mama Soli, kwa sababu soli aliyoibandika yeye haikubanduka. Tulifanya kazi chumba kimoja, mimi nakata ngozi, yeye anapaka gundi. Mlango tuliufunga, maana vumbi likigusa gundi mbichi kiatu kimeharibika.

Aliposhika mimba akasema harufu ya gundi inamkata kichefuchefu. Nikacheka, nikamwambia wenzako wanatamani udongo, wewe unatamani kopo. Sasa nikikumbuka kile kicheko najichukia. Haukupita muda nikamwona anainamia kopo hata pasipo na kiatu cha kubandika, kitambaa puani, macho yamelegea, anacheka peke yake. Nilimjia juu.

"Wifi, unamvutisha mtoto."

"Mtoto yuko tumboni, atanusia wapi?"

Jibu la kipumbavu kabisa. Nikaficha kopo, akanunua lingine. Nikampigia simu kaka, yuko mbali kikazi. Akaniambia nyinyi mawifi hamuishiwi maneno, muache mke wangu apumue. Basi nikamwacha, huku tumbo la wifi limegoma kukua.

Mtoto wa kike akazaliwa kabla ya wakati wake, urefu wa kiganja na nusu. Mkunga alimwinamia kumfuta, akasita, akamnusa kichwani. "Mnafanya kazi gani nyumbani?" akauliza. Nikamweleza yote, wifi kageukia ukutani. Mkunga akasema tumlete kliniki mara kwa mara, na kama atachelewa kukaa, kutembea au kusema, tutajua mbele ya safari. Aliyasema taratibu mno, nikaogopa.

Nyumbani mtoto hakulala. Alitetemeka mikono na kidevu, ziwa akilishika analiachia, na kilio chake kilikuwa chembamba, hakikatiki. Nilihamia kwao niwasaidie. Mchana mmoja nikiwa uani naanika nepi, wifi akaniita kwa sauti ya chini.

Alikuwa kitandani, mtoto mapajani analia, na mkononi ameshika kitambaa kibichi. Chumba kizima kilinuka gundi.

"Wifi, mchukue," akasema. "Hiki kilio nakijua. Najua anachotaka, na nikibaki naye nitampa."

Nikamnyakua. Hatujafika hata mlangoni, mama yake akajifunika kile kitambaa usoni, akavuta.