Kikapu Nilichowanusisha Akina Mama wa Kawangware

Hii stori nimeikalia kwa muda, na nawaambia nyinyi kwa sababu watu wa mtaani kwetu Mashimoni wana toleo lao ambalo si la kweli, na watu wa Kawangware wana toleo nililowapa mimi mwenyewe ambalo pia si la kweli, kwa hiyo afadhali kuwe na mahali pamoja ambapo ukweli umekaa, hata kama utaniaibisha mara ya pili.

Kila Jumamosi mimi hujitolea kwenye kikundi cha akina mama wenye watoto wachanga. Tunakutana Kawangware, kwa ukumbi wa mabati ulio ndani ya ploti ya Shosho Nyambura, mama mzee ambaye hatutozi chochote ila huja na kiti chake, anaketi karibu na mlango na kutukagua mpaka mwisho. Kazi yangu ni mapishi rahisi, yale ambayo mama anaweza kuyapika mtoto akiwa mgongoni na makaa yakiwa yamebaki kidogo. (Sijasomea upishi popote. Nimesomeshwa na watoto wangu, na hao hawana huruma kwa mwalimu wala mwanafunzi.)

Siku hiyo nilikuwa nimeahidi kuwaonyesha kikapu cha kupikia. Ni kikapu cha kawaida, kile cha sokoni, umekijaza vitambaa vizito pande zote. Unachemsha githeri yako, yale mahindi na maharagwe, kwa jiko, ikishachemka sana unaitoa na sufuria yake ikiwa imefunikwa vizuri, unaitumbukiza katikati ya vile vitambaa, unafunika juu, unaenda zako. Joto linabaki ndani na chakula kinajimalizia chenyewe. Nilikuwa nimekisifu kikapu hicho kwa wiki tatu mfululizo, nikawaambia wakikiona watauza majiko yao, yaani nilijipigia debe mpaka nikajiamini.

Sasa, kikapu changu kina mto wake nilioushona wa kuzunguka sufuria. Usiku wa kuamkia hiyo Jumamosi, Baraka, kitinda mimba wangu wa miezi sita, akautapikia, nikaufua, mvua ikanyesha, asubuhi mto ukawa unachuruzika maji na githeri inatokota na bodaboda wawili wanapiga honi nje. Mtu mwenye akili angepiga simu aseme jamani wiki ijayo. Mimi nikaamua nitajaza na chochote kilichoko ndani ya nyumba. Nikaweka leso mbili, sweta yangu ya zamani, koti la baba yao, na bado pengo likabaki upande mmoja, basi nikapitisha mkono chini ya kitanda cha Naliaka nikatoa kablanketi kake ka vifaranga, kamekunjwa pembe kwa pembe, nikakashindilia hapo na kushukuru Mungu kwa mtoto nadhifu. Naliaka ana miaka minane na tangu azaliwe hajawahi kukunja hata soksi. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Na hapa lazima niwaambie jambo, na kabla sijaliambia nilimuomba ruhusa, akafikiria siku nzima, akakubali. Naliaka wakati huo alikuwa bado anakojoa kitandani, si kila siku, siku mojamoja. Ilikuwa siri ya nyumba yetu. Nilikuwa nimemwapia kwamba hakuna mtu atakayejua, hasa Mama Brayo, jirani yetu wa mlango wa pili, kwa sababu binti yake anasoma darasa moja na Naliaka, na Mama Brayo ni mtu mzuri sana, anaweza kukupa unga wake wa mwisho, lakini neno likiingia kwake halilali. Na ni huyo Mama Brayo ambaye siku hiyo alikuwa amesema anataka kuja kuona hicho kikapu kinachosifiwa.

Naliaka alikuwa nje amembeba Baraka nilipokuwa nikipakia. Hakuona kitu. Tukaenda, Naliaka na Mama Brayo kwa bodaboda ya pili, mimi na kikapu changu mapajani, chenye joto, na njia nzima nikijipanga nitakachosema.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Nikaweka kikapu mezani, nikakiacha kikiwa kimefungwa vilevile, nikahutubia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kuhusu bei ya makaa, kuhusu moshi na vifua vya watoto, huku saa zikienda na joto likifanya kazi yake humo ndani. Halafu nikafanya kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka nafunika uso na leso. Nikawaambia wasogee. Nikasema githeri ikiiva kwa kikapu haihitaji kuonjwa, harufu pekee inakuambia, njooni mnuse wenyewe. Nikamwita Shosho Nyambura kwa heshima awe wa kwanza, nikamshika mkono nikamleta mpaka mezani, akina mama wakajipanga nyuma yake, na mimi nikafunua kwa madaha.

Shosho aliinama akavuta pumzi ndefu, kama mtu anayejua githeri tangu azaliwe. Kisha akainuka polepole na kunitazama.

Harufu ilishanifikia na mimi. Wenye watoto wanaijua, na ikipashwa moto kwa saa kadhaa inakuwa kitu kingine kabisa. Mama mmoja akamgeuza mtoto wake kuangalia nepi, wa nyuma yake naye akaangalia ya wake, ikawa ukaguzi wa nepi ukumbi mzima, na nepi zote zikapatikana kuwa salama. Nikasema labda ni magadi, kwamba nilitia magadi kidogo ili maharagwe yalainike. Shosho akasema yeye amepika na magadi tangu akiwa msichana na magadi haijawahi kunuka hivyo. Kisha, kwa sababu yeye si mtu wa kuacha jambo nusu, akaanza kutoa vitambaa kimoja kimoja na kuvinusa. Leso, akaweka kando. Sweta, kando. Koti la mume wangu alilitazama sana, lakini nalo likapita. Halafu akavuta kablanketi, kakatoka kakiwa kanafuka mvuke, vifaranga wa njano wakionekana na watu wote.

Mama Brayo akasema, bila ubaya wowote, kwa ile sauti yake ya kutambua vitu, "Si hiyo ni blanketi ya Naliaka? Huwa naionaga kwa kamba."

Nikageuka. Naliaka alikuwa ameketi kwenye mkeka na watoto wengine, na uso wake sitausahau. Hakulia. Alikuwa ananitazama tu, akingoja kuona nitafanya nini na siri yake. Na nikaelewa kila kitu kwa mara moja, kwamba alikojoa usiku ule, akaikunja upande uliolowa ukiwa ndani, akaficha, na mimi nikaenda kumchimbulia mbele ya kikundi kizima, tena kwa madaha.

Nawaambia sikufikiria. Mdomo ulijifungukia wenyewe.

"Ni yangu siku hizi," nikasema. "Tangu nimzae Baraka, mkojo haunisikii. Naliaka ndiye alinionea huruma akanipa blanketi yake nilalie."

Mama Brayo alifungua mdomo akaufunga, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilitamani ile sakafu inimeze pamoja na kikapu, na nikawa nimeanza kukusanya vitambaa vyangu niondoke, nikijua Jumamosi zangu za kujitolea zimeishia hapo, nani tena atakula chakula cha mama anayejikojolea.

Ndipo msichana mmoja wa nyuma, mama wa mtoto wa kwanza ambaye kwa miezi yote hiyo hatukuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu ya sasa na kwaheri, akasema kwa sauti ya chini, "Ata mimi. Nikipiga chafya tu, imeenda."

Mwingine akasema yeye ni akicheka. Mwingine ni akiinua jerikeni, na alidhani ni ugonjwa wa aibu, hajamwambia hata mume wake. Wakawa wanaongea wote, na wengine wanacheka huku wamebana mapaja, na hilo likawachekesha zaidi. Shosho Nyambura alikuwa bado ameshika kablanketi.

"Mimi nilizaa tisa," akasema. "Mnafikiria kwa nini hukaa karibu na mlango?"

Sijawahi kusikia akina mama wakicheka hivyo. Na githeri, ikiwa mnashangaa, ilikuwa imeiva vizuri kabisa. Sufuria ilikuwa imefunikwa sawasawa, tukaitoa nje tukaipangusa kwa maji ya moto na sabuni, Shosho akapakuliwa wa kwanza akala akamaliza, na baada yake wengi wakala, ingawa sitadanganya, kuna walioniambia walikuwa wamekunywa chai nzito asubuhi.

Tulirudi nyumbani jioni. Bodaboda walitushusha huku juu barabarani, tukawa tunateremka kwa mguu, Mama Brayo akiwa mbele anaharakisha (na nilijua anakoharakishia), Baraka amelala mgongoni, Naliaka kando yangu amebeba zile leso. Tukakaribia kioski cha maji.

"Mum, uliwadanganya," akasema.

Nikakubali kwamba niliwadanganya. Akataka kujua kama nilidanganya kwa sababu yake. Nikamwambia nilidanganya kwa sababu mimi ndiye nilichukua kitu chake bila kumuuliza, kwa hiyo aibu ilikuwa yangu. Kisha nikamuuliza jambo lililokuwa likinisumbua tangu mchana, kwa nini alificha, wakati tulikubaliana ananiambia tu na mimi nafua na hakuna maneno.

Akasema ni kwa sababu maji yalikuwa yameisha, na nilikuwa nimekesha na Baraka.

"Na pia ukifua hiyo blanketi huwa unafanya hivi," akasema, akasimama katikati ya njia, akateremsha mabega na kutoa pumzi ndefu, yangu hasa, mimi kabisa, hata ile namna ya kufumba macho.

Jamani. Nilikuwa sijawahi kumchapa kwa hilo, sijawahi kumgombeza, nilikuwa najihesabu miongoni mwa mama wazuri wa Mashimoni. Kumbe mtoto alikuwa anaisikia ile pumzi kila mara na kuibeba mpaka chini ya kitanda. Niliinama hapohapo na Baraka mgongoni nikamkumbatia na leso zake zote, watu wenye majerikeni wakatuzunguka wakipita, nikamwambia nisamehe, mum huchoka, lakini si wewe unayenichosha. Sijui kama aliamini. Mtoto wa miaka minane husikiliza kwanza, anaamini baadaye akishaona.

Mama Brayo alifanya kazi yake. Kufikia Jumatatu mwenye kioski alikuwa ananishauri niache chai ya usiku, na mama mmoja wa mtaa wa Soweto East nisiyemjua aliniletea dawa ya majani. Niliipokea, nikashukuru. Kule Kawangware nako wanawake wananivuta pembeni kila wiki kunong'ona habari za mkojo, mimi ambaye wangu unanisikia vizuri tu, basi nikaenda kliniki nikamwomba nesi aje awafundishe mazoezi ya kubana mkojo, na huwa nayafanya pamoja nao mstari wa mbele nikiwa nimekaza uso.

Siku hizi sijazi kikapu mpaka kila kitambaa kipite puani kwangu, hata kama bodaboda atapiga honi mpaka betri iishe. Hicho ndicho kiapo chepesi.

Alhamisi ya wiki ileile, kabla ya kupambazuka vizuri, nilihisi mtu ananigusa bega. Naliaka alikuwa amesimama kando ya kitanda na kablanketi mikononi, kamelowa, hakukakunja. "Mum, imetokea," akasema, akawa ananitazama mabega.

Maji yalikuwa nusu jerikeni. Nilihisi ile pumzi ikipanda kutoka chini kabisa, nikaimeza, nikamwambia lete tufue, na tukafua.