Chumvi Mara Mbili

Mama akipika samaki kwa nyanya, harufu ikinifikia tu, naenda kuonja mchuzi kwanza.

Nilipokuwa mutoto, tukikaa Kashikishi, mpishi alikuwa nkambo, mama yake mama. Siku moja alitia chumvi kwenye sufuria juu ya mbabula ya makaa, akanawa mikono, akachota chumvi tena.

“Nkambo, ulishatia.”

“Huyu mutoto ananiita mujinga.”

Mama alinizaba kofi. “Piga magoti. Omba pardon.”

Nikapiga magoti juu ya mchanga wa moto, nikaomba.

Tulipokula, mama alichovya tonge la bukari, ugali wetu, kwenye mchuzi, akatafuna polepole, akanywa kikombe kizima cha maji. Macho yetu yakakutana.

“Samaki iko mutamu, mama,” akamwambia nkambo.

Kisha akanisogezea sahani. “Na wewe, maliza.”